Mchuchuma: Makaa, Chuma na Hewa Isiyo na Harufu

Msafiri atokaye pwani hukutana na baridi ya kweli kwa mara ya kwanza Makambako. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia huachana na ile ya Songea, reli ya TAZARA hupita, na kanzu nyepesi ya Dar es Salaam hukosa maana. Ukishika njia ya Songea, kilomita zipatazo 60 zitakufikisha Njombe, mji unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni na Julai watu huzungumza huku mvuke ukiwatoka vinywani.

Safari yetu ni ya Mchuchuma, lakini kemia humpokea mgeni kabla hajafika huko. Kandokando ya Njombe yamo mashamba makubwa ya miwati ya kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949. Gome la mti huo hutoa tanini, ambayo hushikamana na ngozi ya mnyama na kuizuia isioze. Waliosoma fiq'hi wataitambua kazi hiyo kwa jina la kudabighi, ambayo kwa madhehebu ya Imamu Shafi huitoharisha ngozi ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, ila ya mbwa na nguruwe. Shina linalobaki baada ya gome kubanduliwa hufaa kuchomwa mkaa. Msomaji auweke akilini mkaa huo.

Kutoka Itoni, jirani na Njombe, njia hugeukia Ludewa. Kati ya Lusitu na Mawengi kilomita 50 zimejengwa kwa zege badala ya lami, barabara iliyokusudiwa kuhimili malori ya madini. Milima huinuka na kuporomoka, mawingu yakiwa chini ya gurudumu, hata ardhi inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Ruhuhu na Ziwa Nyasa. Huko, upande wa kijiji cha Nkomang'ombe, ndiko Mchuchuma.

Chini ya vilima hivyo imekadiriwa kuwamo makaa ya mawe tani milioni 428. Katika wilaya hiyohiyo, upande wa Mundindi, iko Liganga, yenye chuma kinachokadiriwa kufikia tani milioni 126, kikiwa kimechanganyika na vanadi na titani. Mwaka 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, lilifunga ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili makaa yazalishe umeme wa megawati 600, na sehemu ya umeme huo iyeyushe chuma. Miaka ikapita. Wanavijiji ambao maeneo yao yaliguswa na mradi walisubiri fidia zaidi ya muongo mmoja, na kusubiri namna hiyo, bila kujua kama upande mgomba au uuache, ni mzigo usioandikwa katika hesabu za tani.

Makaa yenyewe yalikuwa mimea. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita palikuwa na vinamasi hapa. Mimea ikafa, ikazama katika maji yasiyo na hewa ya kutosha kuiozesha, ikafunikwa na tope na mchanga, ikakandamizwa na kupashwa joto hadi maji na gesi zikaitoka na sehemu kubwa iliyobaki ikawa kaboni. Pamoja nayo ilibaki salfa, ambayo wazee wetu waliiita kibiriti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Kibiriti na zebaki ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, na ndiyo yale yale ambayo maandishi ya Jabir bin Hayyan yanayataja kuwa asili ya madini yote. Dhana hiyo ilimfanya mtu atumaini kuigeuza risasi iwe dhahabu. Ibn Sina aliikataa waziwazi. Lakini katika kuitafuta dhahabu hiyo, watu kama Abu Bakr ar-Razi, aliyekuwa pia tabibu wa hospitali, walitengeneza vyombo vya kukenekea na kuzipanga dutu kwa tabia zake. Neno al-kimiya likasafiri hadi Ulaya, likaturudia likiwa kemia.

Hapa Ludewa alkemia ilikuwa na sura nyingine. Wapangwa waliyeyusha chuma kwa matanuri ya udongo, mkaa wa miti na mivukuto, na Randi Barndon, mtafiti wa Kinorwei, ameiandikia kazi yao pamoja na ya Wafipa. Ilikuwa na dawa zake na miiko yake. Tanuri lilitazamwa kama mwanamke mwenye mimba, na chuma kama mtoto wake. Mtu anaweza kuikataa itikadi hiyo bila kuudharau ustadi. Jiwe la chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni, ndugu wa kutu. Mkaa ukiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo huinyang'anya jiwe oksijeni yake na kukiacha chuma peke yake. Wapangwa hawakuwa na jina la gesi hiyo, lakini walijua kuiongoza.

Gesi hiyohiyo imo vyumbani mwa kulala.

Jioni moja, katika nyumba ya wageni huko njiani, mama mwenye nyumba aliniletea jiko hadi mlangoni.

"Karibu, baba. Limeshakolea, halina moshi tena. Ulale nalo, baridi ya huku si ya kwenu."

"Ahsante sana, mama. Nitaota moto kibarazani, kisha tuliache hapo hapo nje."

Alishangaa kidogo, kwani ukarimu wa nyanda za juu ni moto. Kosa lilikuwa katika yale maneno "halina moshi". Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na kaa jekundu lisilo na moshi linaweza kuitoa kwa wingi. Damu yetu hubeba oksijeni kwa chuma kilichomo ndani ya himoglobini. Gesi hii hukishika chuma hicho kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, isikiachie upesi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikalegea. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Mkaa mbadala wa makaa ya mawe unaotengenezwa na STAMICO unaiokoa miti, nao una kanuni ileile: ni kaboni inayoungua, haufai chumba kilichofungwa.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa riwaya ya Abu Musa al-Ash'ari, kwamba nyumba iliungua Madina usiku pamoja na wenyewe, na Mtume (s.a.w.) akaagiza moto uzimwe watu wanapolala. Katika nyumba za Njombe, Makambako na Ludewa agizo hilo lina kazi kila usiku wa kipupwe. Jiko litolewe nje kabla mtoto hajalazwa, si kusogezwa tu kando ya mlango. Akikutwa mtu amelegea chumbani mwenye jiko, milango na madirisha yafunguliwe, atolewe haraka kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali apewe oksijeni, hata kama amezinduka na kusema hajambo.

Mama yule alilibeba jiko akalirudisha uani. Akaja na blanketi la pili, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, niiweke miguuni.