Mbao Ndani ya Nyumba: Pambo, Stara na Haki za Watu



Katika darasa za kina mama baina ya Alasiri na Magharibi, kuna jambo ambalo limekuwa likinirejea kwa sura mbalimbali. Mmoja huuliza kama kuweka boriti za mapambo darini ni israfu. Mwengine huuliza kama yajuzu kununua mlango wa kale na kuusimamisha sebuleni. Wa tatu, bi harusi aliyehamia ghorofani, alinionyesha picha katika simu yake: ukuta wa mbao, dari ya mbao, hata beseni la kunawia mikono la mbao. Akaniambia, "Sheikh, kwani sisi si watu wa mbao tangu zamani?"

Ni kweli, sisi ni watu wa mbao. Lakini wazee wetu aghalabu waliuweka mti mahali penye kazi, kisha pambo likaifuata kazi. Hata katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) ilikuwa hivyo. Alikuwa akihutubu kando ya shina la mtende, watu walipokuwa wengi akatengenezewa mimbari ya daraja 3 kwa mti wa athli. Na aliyemtoa seremala wake kuifanya kazi ile alikuwa mwanamke wa Kiansari. Napenda kulitaja hili kila nisikiapo waume wakisema kwamba mambo ya mbao na samani ni upuuzi wa wanawake.

Tutazame boriti. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa ni virefu na vyembamba. Upana wake kwa kawaida haupiti mita 3. Mwashi hakupenda tu iwe hivyo. Mti wa mkoko ndio uliompimia chumba, kwa sababu juu ya boriti hupangwa mawe na kumiminwa chokaa, na mti ukiwa mrefu kupita kiasi hupinda kwa uzito. Wakataji nao waliupa mti jina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa karne nyingi majahazi yaliichukua miti hiyo hadi Arabuni na Ghuba, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Leo mtu ana dari ya zege iliyokwisha kubeba kila cha kubebwa, naye hununua boriti 20 za mkoko mpya azigandishe chini yake. Sitamwambia ni haramu. Asili ya mapambo ni uhalali, maadamu hayana ubadhirifu wala kujifakharisha. Lakini mikoko ndiyo mazalio ya samaki na kinga ya pwani zetu, na kukata miti 20 ili ining'inie bila kubeba hata kilo moja, mimi naona ni kazi bure. Anayezitamani boriti na azitafute katika nyumba inayovunjwa, au aziweke pale zitakapobeba kitu, kama kwenye rafu za vitabu au paa la baraza ya nje.

Jambo ambalo ningependa familia zetu zilirudishe kwa bidii zaidi ni mbao za stara. Nyumba ya Lamu haikumruhusu mgeni aone ndani mara tu mlango unapofunguliwa. Alipita daka, akaingia tekani, akakata kona, ndipo akafika kiwandani. Mombasa tulikuwa na roshani zilizozibwa kwa mbao zenye matundu, ambapo mama alikaa akapunga upepo na kutazama njia bila kutazamwa. Sasa linganisha na ghorofa zetu za leo. Mlango wa mbele ukifunguliwa, anayeleta gesi anaona sebule, meza ya chakula na mlango wa chumba cha kulala kwa mpigo mmoja. Mama wa nyumba hukimbilia mtandio kila kengele inapolia, na mabinti hawana pa kukaa.

Dawa yake si ghali. Ni kiambaza cha mbao chenye matundu, kirefu kuliko kimo cha mtu, kisimamishwe hatua mbili au tatu kutoka mlangoni ili anayeingia alazimike kuzunguka. Kisifike darini, maana hewa ya pwani ina unyevu na yahitaji pa kupita. Matundu yawe madogo, na upande wa wakazi uwe na mwanga hafifu kuliko upande wa mlango. Aliye gizani humwona aliye kwenye mwanga, na mwenzake hamwoni. Mafundi wa roshani walilijua hilo zamani. Kwa mwenye kupanga nyumba, kiambaza cha namna hii kina faida ya ziada: akihama, huhama nacho.

Kuhusu kuchonga aya za Qur'ani, nitasema machache. Zisiwekwe kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, wala kuelekea chooni, wala mahali ambapo watu hunyoosha miguu. Maua, nyota na mistari ya mafundi wa Siyu yatosha. Kitu kimoja cha mti kisikose katika nyumba yenye watoto, nacho ni marufaa ya kuwekea Msahafu, kwa kimo chao.

Nije kwenye milango ya kale, kwa kuwa hapa suala limetoka kwenye ladha likaingia kwenye haki.

Mwaka juzi niliitwa kugawa mirathi katika nyumba moja ya Mji wa Kale. Marehemu aliacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Nilipofika nilikuta mlango wa chuma mpya. Mwana mkubwa alikuwa ameuza ule wa kuchonga, na mama yake yumo ndani akikaa eda. Mafundi waliung'oa mbele yake. Binti mmoja aliniambia, "Mlango wa baba umeuzwa, nasi tukaambiwa ni mbao tu."

Tukapiga hesabu. Mjane ana thumuni. Thumuni 7 zilizobaki hugawanywa kwa watoto, mwana akipata sawa na mabinti wawili: kila binti thumuni 1, kila mwana thumuni 2. Ina maana kwamba katika mlango ule ndugu yetu alimiliki thumuni 2 tu, akauza zote 8. Katika madhehebu yetu ya Shafii, anayeuza mali ya shirika bila idhini, mauzo husimama katika fungu lake peke yake, na mnunuzi ambaye hakujua ana khiyari ya kuvunja. Mnunuzi alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipamba nyumba yake mpya. Alipopata habari aliuliza swali moja tu, "Mjane alikuwepo ulipong'olewa?" Akachagua kurudisha. Pesa zake alirudishiwa kwa mafungu. Mlango ulirejea eda ikiwa imekwisha, na miimo yake imekatwa kwa msumeno. Fundi akaiunga kwa mbambakofi.

Nchi nayo ina sheria yake. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inauhesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kilichohifadhiwa, kisichouzwa wala kuhamishwa kiholela bila kibali. Milango mingi yetu imechongwa tarehe ya Hijria pale juu. Ukisoma mwaka ulio kabla ya 1365, jua unatazama mlango wa aina hiyo, na umuulize muuzaji mambo mawili: kibali kiko wapi, na warithi ni nani.

Mwenye kuupenda mlango wa kuchonga na aagize mpya. Mafundi wangalipo Lamu na Mombasa, na vijana wanajifunza. Mfenesi na mwembe huchongeka vizuri kwa vitu vya ndani. Mbambakofi na mvule ni vya mlango wa nje, na bei yake ni ya juu. Muulize fundi ubao umekauka kwa muda gani, kwani mti mbichi ukichongwa hupasuka na kupinda. Kiambaza na kabati visigusane na ukuta, viachiwe nafasi ya vidole vitatu hewa ipite, na chini viwe na miguu ili mchwa waonekane mapema wanapopanda.

Wallahu aalam.