Patroli ya Jumamosi: Maskauti wa Nyeri na Kazi za Mtaa

Kila ifikapo tarehe 22 Februari, siku ambayo maskauti duniani kote huadhimisha kuzaliwa kwa mwasisi wao, Robert Baden-Powell, mji wa Nyeri nchini Kenya hujaa vijana waliovaa skafu za rangi mbalimbali, na miongoni mwao hawakosi wasiojua kwa nini jiwe la kaburi walilolizunguka limechongwa duara lenye nukta katikati. Duara hilo ni mojawapo ya ishara za njia, yaani alama ambazo mtu anayetangulia porini huwaachia wanaomfuata kwa kutumia mawe, vijiti au majani yaliyofungwa mafundo, na maana yake ni kwamba aliyeiweka amekwisha kwenda nyumbani. Zamani mtoto alifundishwa ishara hizo kabla hata hajapata sare. Kutozijua si kosa la watoto wa leo, kwa kuwa hakuna aliyewapeleka porini kuzisoma, lakini ni dalili kwamba jambo kubwa zaidi limepotea katika skauti ya Kenya, nalo linastahili kuandikwa wakati waliolishuhudia wangali hai.

Tarehe zenyewe hazina utata. Skauti ya Kenya huhesabu umri wake tangu mwaka 1910, miaka mitatu baada ya kambi ya majaribio iliyofanyika mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na miaka miwili baada ya kuchapishwa kwa kitabu cha Scouting for Boys. Baden-Powell alihamia Nyeri mwaka 1938 akiwa mzee, akaishi na mkewe, Olave, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, juu ya bonde la mto Chania. Hoteli hiyo ilikuwa ya Eric Sherbrooke Walker, ambaye aliwahi kuwa katibu wake. Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941, na Olave alipofariki mwaka 1977 majivu yake yaliletwa Nyeri yakazikwa pamoja naye. Nyumba ileile ilikuja kukaliwa na mwindaji na mwandishi Jim Corbett, ambaye naye amezikwa katika makaburi hayohayo. Haya yote yanajulikana na yameandikwa mara nyingi, na hakuna hata moja linaloeleza kile ambacho mtoto wa darasa la sita alikuwa akifanya Jumamosi asubuhi akiwa na kamba kiunoni na fimbo mkononi.

Ni lazima pia kusema kwamba skauti haikuanza kwa ajili ya mtoto huyo. Makundi ya mwanzo yalikuwa ya watoto wa walowezi, na skauti ilipofika katika shule za misheni, watoto wa Kiafrika waliwekwa katika makundi yao peke yao, ingawa sheria ya nne ya skauti ilimtaka kila skauti awe rafiki wa watu wote na ndugu wa kila skauti mwenzake. Vijana wa Kiafrika waliisoma sheria hiyo wakaichukua kama ilivyoandikwa, na wengine hawakungoja ruhusa ya mtu yeyote, kwani palizuka makundi yasiyosajiliwa ambayo wanachama wake walishona sare, wakafanya gwaride na kujitambulisha kuwa maskauti, jambo lililowaudhi sana watawala. Hamu hiyo ya kujiunga na kitu ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa nusu ndiyo inayoeleza kwa nini, baada ya Uhuru, skauti haikutupwa pamoja na kofia za magavana. Ilikuwa imekwisha kupata wenyewe wapya.

Wenyewe hao walianza na kitambaa. Katika miaka ya 1960 na 1970 sare ya skauti haikununuliwa ikiwa imeshonwa tayari, bali mzazi alikwenda na mtoto wake hadi kwenye duka la vitambaa mjini, ambalo mara nyingi lilikuwa la Mhindi, akanunua yadi kadhaa za kaki, kisha akatoka nazo hadi barazani, ambako fundi cherehani alikuwa ameketi nyuma ya mashine yake ya kukanyaga kwa miguu. Fundi huyo wa barazani alikuwa mtu muhimu katika historia ya skauti kuliko makamishna wengi waliotajwa katika taarifa za mwaka. Alijua bila kuulizwa kwamba mifuko ya kifuani ni miwili na kwamba lazima iwe na vifuniko, kwamba mabegani huwekwa vipande vya kushikilia utepe, na kwamba kaptura iachwe na pindo la ndani la upana wa vidole vinne ili ishushwe mtoto akirefuka. Alijua pia ni mzazi gani wa kumkopesha na ni nani wa kudaiwa nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mabaki ya kitambaa cha skafu, ambayo ni kitambaa cha pembe tatu kinachovaliwa shingoni, hakuyatupa; aliyaunganisha akawapa wadogo wa maskauti hao, na ndiyo maana katika mitaa mingi ya Nyeri, Karatina na Murang'a mtu angeweza kuona watoto wa miaka minne wakiwa na skafu shingoni, wakiandamana nyuma ya kaka zao hata kama hawakujua wanakwenda wapi.

Kaki mpya ilikuwa na harufu yake, harufu kavu ya wanga wa kiwandani, na iliisha baada ya kufuliwa mara mbili au tatu kwa sabuni ya mche. Harufu iliyobaki kwa miaka ni ya hema. Mahema ya wakati huo yalikuwa ya turubai nzito, na kwa kuwa milima ya Nyandarua na Kirinyaga huwaletea watu wa Nyeri ukungu na manyunyu hasa mwezi wa Julai, turubai hizo zilikunjwa zikiwa na unyevu, zikawekwa stoo ya shule karibu na majembe na debe la mafuta ya taa, kisha zikafunguliwa miezi mitatu baadaye. Ukungu, mafuta ya taa, moshi wa kuni mbichi na jasho la vijana wanane waliolala kama viazi katika gunia moja vilijichanganya vikawa harufu moja ambayo aliyewahi kuinusa huitambua hata akiwa mzee, na ambayo mahema mepesi ya nailoni ya siku hizi hayawezi kuwa nayo. Mafunzo mengi yalianzia ndani ya harufu hiyo. Anayelala karibu na mlango huamka kwanza kuwasha moto, na aliyesahau kuchimba mfereji kuzunguka hema hulowa yeye pamoja na wenzake, nao humwambia hivyo usiku uleule.

Kiini cha skauti, hata hivyo, hakikuwa hema wala sare. Kilikuwa patroli, yaani kikundi kidogo cha vijana sita hadi wanane wenye jina lao la mnyama au ndege, bendera yao ndogo na kiongozi wao, ambaye naye alikuwa kijana kama wao. Kundi kubwa la shule au la kanisa liligawanywa katika patroli hizo, na mlezi wa kundi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwalimu anayejitolea bila kulipwa, hakuwaamuru watoto mmoja mmoja. Alizungumza na viongozi wa patroli katika baraza lao, wakaamua pamoja kambi ifanyike wapi, nani afundishwe mafundo na nani huduma ya kwanza, na hata nidhamu ya aliyekosea ilijadiliwa hapo. Kijana wa miaka kumi na minne alijikuta akiwajibika kwa chakula cha watu wanane kwa siku tatu. Akipima unga vibaya siku ya kwanza, siku ya tatu walilala njaa, na mlezi mwenye busara alinyamaza, akaacha kijana huyo aeleze mwenyewe mbele ya wenzake kilichotokea. Hakuna somo la uongozi lililotolewa darasani kwa maneno ambalo limewahi kuufikia uzito wa ukimya huo.

Huduma kwa jamii ilitoka ndani ya patroli, wala haikuwa sherehe. Wakati mmoja wa mwaka maskauti walipita nyumba hadi nyumba wakiomba kazi na kulipwa kidogo, desturi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1949 na kuenea katika nchi nyingine zenye skauti ya asili hiyo, na fedha ziliingia katika mfuko wa kundi. Mtu aliweza kufungua mlango akakuta vijana wawili wanataka kupasua kuni, kuosha gari au kufyeka ua. Siku nyingine kazi hazikuwa na malipo wala mpiga picha. Patroli ilipewa kijito cha kusafisha, au bibi mmoja asiye na watoto karibu ambaye ilibidi achotewe maji kila wiki, na kiongozi wa patroli alikuwa na daftari la zamu ambalo mlezi aliliomba wakati wowote. Maonyesho ya kilimo ya Nyeri yalipofanyika katika uwanja wa Kabiru-ini, maskauti walielekeza wageni, wakafunga vidonda vidogo kwa skafu zao, kwa kuwa skafu iliyokunjwa ni tanzi la kuning'inizia mkono uliovunjika, na wakawashika mkono watoto waliopotea hadi mama zao walipopatikana. Watu wa mji waliwajua kwa majina. Mwenye duka aliyeibiwa alimwita skauti kabla ya kumwita askari, jambo ambalo halikuwa sahihi wakati wote, lakini lilionyesha kiasi ambacho watoto hao waliaminiwa.

Ni kweli kwamba si kila kundi lilikuwa hivyo. Kulikuwa na walezi waliogeuza skauti kuwa jeshi la watoto, waliopenda filimbi na kukanyaga ardhi kwa kishindo kuliko kusoma ramani, na kulikuwa na familia nyingi ambazo hazikuweza kumudu hata ile kaki ya barazani. Wasichana walikuwa na chama chao cha Girl Guides, kilichoanza nchini mwaka 1920, na kwa miaka mingi ndugu wa nyumba moja walitoka asubuhi pamoja wakaenda viwanja tofauti. Baadaye skauti ilifungua milango kwa wasichana, na hilo ni badiliko jema lisilohitaji kujadiliwa. Jema pia ni kazi iliyofanywa Nairobi ya kupeleka skauti kwa watoto waliokuwa nje ya shule, wakiwemo wale wa mitaani, ambao wengi walikuwa tayari wanaishi katika vikundi vyenye kiongozi, wakilindana na kugawana walichopata, na kwa hiyo waliuelewa mfumo wa patroli haraka kuliko watoto wa bweni.

Kilichofuata kinaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa sababu kilikwenda haraka. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, masomo yaliongezeka na mitihani ikawa mizito, na Jumamosi, siku ambayo patroli iliishi juu yake, ikachukuliwa na masomo ya ziada ya kulipia. Sehemu za wazi mijini zikapungua, zikajengwa. Hatua za umri zilipata majina mazuri ya Kiswahili, yaani Sungura kwa wadogo, Chipukizi, Mwamba na Jasiri kwa vijana wanaofikia miaka 26, lakini katika shule nyingi majina hayo yakabaki katika kadi za usajili, huku kundi likikutana tu linapohitajika kusimama mistari miwili mgeni rasmi akipita. Mwaka 2010 Kenya ilipokea Moot, mkutano wa dunia wa maskauti vijana, ambao haukuwa umewahi kufanyika Afrika, na fahari ya siku hizo ilikuwa ya haki kabisa; hata hivyo, wageni walipoondoka, shule ya kawaida haikurudishiwa Jumamosi yake.

Inaumiza kuona skauti ikitambuliwa leo kwa gwaride peke yake. Kijana anayesimama juani kwa saa tatu akingoja kiongozi aliyechelewa anafundishwa uvumilivu wa aina fulani, lakini hafundishwi kuamua, na kikundi cha watoto mia moja chini ya filimbi ya mwalimu mmoja si skauti hata kama kila mmoja wao ana skafu. Inaudhi zaidi pale safari ya Nyeri ya mwezi wa Februari inapokuwa ya kulipia kwa kiasi kisichowezekana kwa mtoto wa mkulima mdogo anayeishi kilomita chache tu kutoka kaburini. Mtaala wa Umilisi, unaochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, sasa umeingiza huduma kwa jamii miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kujifunza, na nia yake ni nzuri, ila bibi anayechotewa maji ili picha ipigwe na alama itolewe atajua tofauti, kwa kuwa wiki inayofuata hatamwona mtu.

Yapo makundi ambayo hayajaacha. Mengi ni ya mitaani, nje ya shule, na huongozwa na vijana wa hatua ya Jasiri, wengi wao wakiwa hawana ajira ya kudumu, ambao hukusanya watoto wa Sungura na Chipukizi Jumamosi alasiri baada ya masomo ya ziada, wakawagawa katika patroli na kuwaachia viongozi wadogo wapange kazi. Tatizo lao kubwa si sare, kwa kuwa watoto wao wengi huvaa skafu juu ya nguo za nyumbani na hakuna anayewacheka. Tatizo lao ni mahali pa kukutania: kanisa huwapa ua hadi harusi inapotokea, shule ya msingi huwafungulia lango hadi mwalimu mkuu anapohamishwa, na uwanja wa kata hauna hakika kuwa utakuwapo mwakani. Wanachoomba kwa ofisi za kaunti ni barua ya kuwaruhusu kuutumia uwanja huo kila Jumamosi kuanzia saa nane, pamoja na stoo ndogo yenye kufuli ya kuwekea kamba na mahema.