Siri ya Mtoto Ilipoingia Kwenye Kompyuta

Jumanne moja ya muhula wa kwanza, mwaka 2024, karani wa shule yetu ya kanisa alinipigia simu nikiwa zamu. Alikuwa analia. "Sista, kompyuta imeharibika. Kila faili nikifungua naona maandishi ya Kiingereza. Wanataka pesa."

Mimi ni muuguzi, mwaka wa ishirini na moja sasa tangu nipate diploma yangu. Siku mbili za juma nisipokuwa kazini hujitolea katika shule hiyo ya chekechea na msingi. Huwapima watoto uzito, hutazama macho na meno, hufunga magoti yaliyochubuka. Ukiniuliza nalipwa nini, nitakuambia nalipwa kelele za "Sista! Sista!" nikiingia langoni.

Nilipofika jioni nilimkuta kijana mmoja wa kanisa anayetengeneza kompyuta. Alitueleza kwamba siku iliyotangulia iliingia barua pepe iliyojifanya imetoka kwa mzazi, nayo ilibeba risiti ya karo. Karani aliifungua, kama ambavyo mimi na wewe tungeifungua, maana mwanzo wa muhula risiti za karo ndizo kazi yake kutwa. Kumbe ndani yake mlikuwa na programu ya kufunga mafaili yote. Waliotuma, watu wa ng'ambo kwa kadiri kijana alivyoweza kufuatilia, walitaka dola 600 zilipwe kwa bitcoin. Flashi yenye nakala ya akiba ilikuwa imeachwa imechomekwa papo hapo, nayo ikafungwa pamoja na mengine.

Kamati haikulipa. Pesa hazikuwapo, na hata zingekuwapo, nani angetuhakikishia kwamba mwizi atatimiza ahadi? Karo ilikuwa kwenye leja, alama za mitihani walikuwa nazo walimu, basi kwa wiki moja tukanakili upya. Daftari langu jeusi la afya lilikuwa kabatini chini ya kufuli. Nikajiambia hatukupoteza kitu.

Kijana yule ndiye aliyeniamsha. "Sista, siku hizi hawafungi tu. Kwanza wananakili, ndipo wanafunga. Usipolipa, wanatishia kuyaanika."

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimekumbuka orodha.

Mwaka 2022, shule iliponunua kompyuta hiyo, mwalimu mkuu aliniomba nimwekee ndani majina ya watoto wenye pumu, kifafa na mzio, ili mwalimu ajue la kufanya mtoto akizidiwa. Ombi zuri kabisa. Nilikaa ofisini Jumamosi nzima, chai pembeni, nikaandika jina, darasa na simu ya mzazi. Halafu nikaongeza safu moja ambayo hakuna aliyeniomba. Niliiita "Maoni". Humo niliandika kila nilichokijua: anayekojoa kitandani, ambaye baba yake hunywa na kumpiga, na mtoto mmoja anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Nilijisifu kwa unadhifu. Neno la siri la kompyuta hiyo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Februari 2015 lilipotoka agizo la rais kwamba zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mimi nilikuwa miongoni mwa wauguzi waliolipinga kwa sauti kubwa, chumba chetu cha chai kikawa kama mahakama. Nilisema jina la mtoto likishatiwa kwenye orodha halirudi tena nyumbani. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kukusanya taarifa hizo kwa namna inayomfungamanisha mtoto na hali yake ni kuvunja Katiba. Tulishangilia. Kisha miaka sita haijapita, nikaiandika orodha ile ile kwa vidole vyangu mwenyewe, bila agizo la mtu yeyote.

Nilimpigia simu mdogo wangu anayeishi Minnesota, Marekani, ambako Wakenya ni wengi. Yeye alikuwa na mengi ya kunieleza. Mapema mwaka 2023 genge linalojiita Medusa liliingia kwenye mitambo ya shule za umma za jiji la Minneapolis, zenye wanafunzi wapatao 36,000. Likadai dola milioni 1. Shule zilipokataa, mafaili zaidi ya 300,000 yakamwagwa kwenye intaneti mwezi Machi. Humo mlikuwa na habari za watoto walionajisiwa, waliolazwa kwa maradhi ya akili, na waliojaribu kujiua. Watu zaidi ya 105,000 waliandikiwa barua za kujulishwa, nazo zilitoka Septemba. Hebu fikiri, mama mwenzangu: kuanzia Machi hadi Septemba siri ya mwanao iko nje, nawe unamfungia chakula cha mchana na kumpeleka shule kama kawaida.

Kabla ya hapo, Septemba 2022, genge jingine, Vice Society, lilikuwa limezivamia shule za Los Angeles. Baadaye ilithibitishwa kwamba tathmini za wanafunzi 2,000 hivi zilikuwamo katika wizi huo, na kati yao 60 tu ndio waliokuwa bado wanasoma huko. Hesabu hiyo ilinishika. Waliobaki walikuwa wamekwisha ondoka, lakini makaratasi yao yalikuwa bado yanawangoja wezi. Shule zile zina wataalamu na fedha ambazo sisi hatutaziona. Hata hivyo kilichoibwa ni kile tu kilichokuwa kimewekwa.

Niliyapeleka hayo mbele ya kamati. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, alinicheka. "Sista, mtu wa Urusi atajali nini mtoto wa kijijini kwetu?"

Nilimjibu kwamba hana haja ya kujali. Yeye huyaanika tu na kwenda zake. Anayejali ni jirani, ni mzazi wa mtoto wanayekaa dawati moja, ni shangazi mwenye simu na muda mwingi. Chumba kikanyamaza. Ndipo kijana wetu akatusomea Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: habari za afya ni miongoni mwa zile nyeti, na zikiingia mikononi mwa asiyehusika hata kuwapo hatari ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na wenyewe wajulishwe. Saa 72 zilikuwa zimepita zamani. Tuliandika taarifa siku hiyo hiyo, kwa kuchelewa na kwa aibu.

Mengine tuliyofanya ni ya kawaida. Maneno ya siri yalibadilishwa, nakala ya akiba sasa hukaa nje ya ofisi, na karani hupiga simu kwa mzazi kabla ya kufungua risiti. (Wengine walitaka afukuzwe. Nilisema wakimfukuza yeye, wanifukuze na mimi.) Kwenye kompyuta limebaki lile tu ambalo mwalimu analihitaji mtoto akianguka darasani. Safu ya "Maoni" haipo.

Lakini kulikuwa na kazi ambayo hakuna kijana wa kompyuta angenifanyia. Nilikwenda kwa mama wa yule mtoto jioni, akiwa anafunga kibanda chake cha mboga. Hata mama mkwe wake hakuwa anajua. Mtoto mwenyewe, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akiambiwa dawa zile ni za kifua. Nilimweleza yote, pamoja na neno "Maoni". Nilitazamia matusi, na kwa kweli ningeyapokea kwa shukrani.

Alifunga sukuma wiki mafungu mawili kabla hajasema. "Sista, nani alikutuma uandike?"

"Hakuna, mama. Ni mimi."

"Na zimetoka?"

"Hatujaziona popote. Lakini siwezi kukuapia."

Akakaa juu ya kreti. "Basi mwanangu asiyasikie haya kwenye simu ya mtu. Ayasikie kwangu."

Likizo ya Aprili tulikwenda naye kliniki, mama, mshauri na mimi. (Mama ameyasoma haya na kuniruhusu, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike.) Mshauri alizungumza taratibu, juu ya askari wa mwili na adui aliyelala usingizi. Kijana alisikiliza akichezea zipu ya sweta yake. Mama alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu hata pete ikaniuma.

Mwisho aliulizwa kama ana swali. Alimgeukia mama yake, si mshauri.

"Kwa hivyo kifua changu ni kizima? Naweza kucheza mpira?"