Ubeti Nilioukata

Mwaka nilipostaafu, wanafunzi wangu watatu wa zamani walinijia nyumbani Dodoma na muswada wa filamu fupi ya dakika 12. Waliniomba niusahihishe lugha tu. Nilipoimaliza kazi hiyo nilikuwa nimeuandika upya, nao wakaniambia, "Basi, Mwalimu, uiongoze wewe." Nilikubali kwa kiburi kidogo. Nilikuwa nimeongoza maigizo ya shule kwa miaka mingi, nikadhani kamera ni mtazamaji mwingine tu aliyeketi safu ya mbele.

Hadithi yenyewe ilimhusu bibi mmoja wa upande wa Kongwa anayemngoja mwanawe aliyekwenda Dar es Salaam. Maneno yake niliyatunga kwa tarbia: ubeti mmoja, mishororo minne, mizani 16 kila mshororo. Nilijivunia ubeti ule kuliko filamu nzima.

Kibali tulikipata mapema, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 haina mchezo. Jua halikuomba kibali. Tulianza kazi saa tano asubuhi, na kwenye kioo cha kamera macho ya bibi yakawa mashimo mawili meusi, kwa kuwa jua la uwanda huu wa juu hushuka wima. Mpiga picha, kijana niliyemfundisha ngeli za nomino, alinieleza kwa adabu kwamba mwanga unaofaa ni wa kabla ya saa tatu, kisha tungoje hadi saa kumi alasiri. Upepo nao! Sisi wakazi tumeuzoea, lakini maikrofoni huusikia kama lori linalopanda mlima. Tuliivika manyoya, tukaegesha gari upande unakotokea upepo, na bado nusu ya sauti za siku ile hazikufaa. Kesho yake bibi alikuja na kanga nyingine. Ile ya jana alikuwa ameifua. Nani angethubutu kumlaumu? Tukarudia kila kitu.

Hayo yote yana dawa. Lililonishinda ni ubeti.

Bibi hakuwa mwigizaji. Alikuwa Mgogo wa makamo ya mama yangu, aliyetusalimu "Mbukwenyi" kila asubuhi kwa sauti iliyojaa ua zima. Alipoanza kuyasema maneno yangu, shingo ilikakamaa kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya mkaguzi. Kila mara alijikwaa mahali pamoja, kwenye mshororo wa tatu. Nilimsahihisha mara saba, kwa sauti ile ile niliyoitumia darasani. Mara ya nane akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "mtu anayengoja hasemi hivi. Mtu anayengoja hasemi."

Usiku ule niliikumbuka *Vuta N'kuvute*. Riwaya ya Shafi Adam Shafi niliifundisha kidato cha tano na sita. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu ya takriban saa moja na nusu. Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa na daftari mapajani, nikiorodhesha yaliyoachwa. Orodha ilijaa kurasa mbili. Nilikuwa nimetazama filamu nzima nikiwa nimeinamia karatasi.

Asubuhi nilimwomba bibi apepete uwele kama afanyavyo siku zote, asiseme lolote. Barabara ilikuwa karibu. Bodaboda ya kwanza ilipopita aliinua kichwa, akarudi kwenye ungo. Ya pili ikapita, akainua tena. Ya tatu ilipopita hakuinua. Mimi sikumwambia hivyo, wala muswada haukusema. Mikono yake iliendelea kupepeta, polepole kuliko mwanzo, na mwishoni akanong'ona neno la Kigogo ambalo sikulielewa. Nilisahau kusema "Kata!" Mpiga picha ndiye aliyezima kamera, baada ya muda.

Mhariri aliniomba pia kitu ambacho ningemcheka zamani: tusimame sote kimya dakika nzima, tunase sauti ya ua ule mtupu, ili apate cha kuweka katikati ya vipande. Kumbe kila mahali pana ukimya wake, na wa Kongwa hauwezi kuazimwa kwa mwingine.

Vijana walitaka neno lile la Kigogo litafsiriwe chini ya picha. Bibi tulimwuliza maana, akacheka, akasema ni la kwake. Nimeliacha bila tafsiri, nao hawajanisamehe.

Ubeti ningali nao. Juzi niliutoa nikauhesabu kwa vidole, kama nilivyowafundisha wengine kufanya. Mshororo wa tatu, pale pale alipokuwa akijikwaa, una mizani 17.