Mfuko Usio na Tundu



Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia kwamba mtu akitaka kuandika katika gazeti la shule, na aandike jambo alijualo. Nimefikiri sana, nikaona kwamba jambo nilijualo kuliko mengine halinipi sifa. Lakini kwa kuwa baba yangu amekwisha kulisikia, sina tena wa kumficha.

Kwetu ni Issuna, Wilaya ya Ikungi, katika Mkoa wa Singida. Barabara ya lami itokayo Manyoni kwenda Singida yapita hapo, na kando yake, chini ya paa la mabati, ipo meza ya mipira ambayo vijana huiita puli. Mwezi wa Julai mwaka jana, baada ya mavuno, baba aliuza alizeti akanipa shilingi 60,000 za mchango wa hosteli. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, kisha akazikunja na kuzitia katika mfuko wangu wa kulia kwa mkono wake mwenyewe.

Basi la asubuhi lilichelewa. Nami, badala ya kukaa juu ya sanduku langu, nikasogea penye meza. Kijana mmoja aliyevaa kandambili alinikaribisha kwa adabu, tukacheza kwa shilingi 1,000. Nikamshinda. Tukacheza tena, nikamshinda tena, nikajiona fundi. Baada ya hapo sikushinda hata mara moja. Kumbe yule alikuwa akikosa kwa makusudi, kama mvuvi alegezavyo mshipi. Basi lilipita, nikaliona, nikaliacha liende, kwani nilitaka kwanza kurudisha zangu. Jua lilipokuwa utosini, shilingi 28,000 zilikuwa zimekwisha kwenda.

Nikarudi nyumbani nikasema, "Baba, pesa zimedondoka njiani. Mfuko umetoboka." Baba hakusema neno. Mama akaniambia nivue ile suruali. Akaugeuza mfuko nje ndani, akautazama kwenye mwanga wa mlango, akaupitisha vidole pande zote. Kisha akachukua sindano na uzi, akaushona mfuko mzima kwa mshono wa mara mbili. Kesho yake akawapeleka majogoo wake wawili barabarani, akawauzia wasafiri, na pesa zile zikajaza pengo langu. Nikaenda shule.

Wakati wa likizo ya Desemba alikuja mjomba wangu. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi katika klabu moja mjini Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuitunza meza ya snuka na kuandika alama za wachezaji. Tulipopita penye ile meza ya mabati alitaka kuingia kutazama, nami nikamwambia nitamngoja nje. Akaniuliza sababu. Sijui kwa nini, lakini nilimwambia yote.

Nilidhani atanigombeza. Yeye akaanza kunieleza habari za snuka, ambayo ni kama nduguye puli, ila meza yake ni kubwa zaidi na mipira yake ni 22: mweupe wa kupigia, myekundu 15, na sita ya rangi nyingine. Akanipa hesabu tukiwa tunatembea. Kila mpira mwekundu ni alama 1, na ukiutumbukiza waruhusiwa kujaribu wa rangi nyingine. Mweusi ndio mkubwa, una alama 7. Mtu akitumbukiza myekundu yote, na kila mara mweusi baada yake, kisha akamaliza ile sita ya rangi kwa zamu yake, kuanzia 2 mpaka 7, atapata ngapi? Nikahesabu: 15 mara 8 ni 120, na 2, 3, 4, 5, 6 na 7 ni 27. Jumla 147.

"Vema," akasema mjomba. "Sasa, Mwingereza mmoja aitwaye Joe Davis alikuwa mtu wa kwanza kufikisha alama hizo zikatambuliwa rasmi. Ilikuwa London, mwaka 1955. Alikuwa na umri wa miaka 53, na alikuwa akicheza michezo ya meza tangu utoto wake. Nawe ulitaka ufundi kwa asubuhi moja?"

Habari za huyo Joe Davis zilinipendeza, nami nazileta kwenu. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, kisha akawa mwenye kilabu cha pombe. Jicho la kulia la Joe halikuona vizuri, kwa hiyo alilenga kwa la kushoto. Siku zile wachezaji wa kulipwa walithamini zaidi biliadi, na snuka ilionekana mchezo wa kupitishia wakati. Joe Davis na rafiki yake wa Birmingham, Bill Camkin, wakawashawishi wakubwa wa mchezo waruhusu mashindano ya ubingwa. Wakajitokeza wachezaji kumi. Mchezo wa kwanza ulikuwa mwezi Novemba 1926, na fainali ikachezwa Birmingham mwezi Mei 1927. Siku nne nzima! Joe Davis akamshinda Tom Dennis kwa michezo 20 kwa 11.

Zawadi yake ilikuwa pauni 6 na shilingi 10, yaani shilingi 130 kwa fedha za Afrika Mashariki za wakati ule. Sehemu ya mapato ya viingilio ilikuwa imetumika kununulia kikombe. Joe Davis alikitwaa mara 15, kila mara mashindano yalipofanyika mpaka mwaka 1946, na hakuna aliyemvua ubingwa. Kikombe kile kile ndicho apewacho bingwa wa dunia mpaka leo.

Mjomba akaendelea, "Nikwambie na jingine. Zamani mipira ya michezo hii ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu. Pembe nyingi zilitoka huku kwetu. Wapagazi walizibeba begani kutoka Tabora, wakapita Mgunda Mkali, hapo kusini mwetu, wakavuka Ugogo, mpaka Bagamoyo na Unguja. Mabwana waliocheza Ulaya na Marekani hawakuona bega la mtu, waliona mipira inang'aa. Mimi siichukii meza, imenilishia watoto. Lakini kila kiwekwacho juu yake, uliza kwanza ni jasho la nani. Davis aliweka jasho lake. Wewe uliweka la nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule, baada ya chakula, nikamwambia baba ukweli. Nilikuwa nikitetemeka. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Mama yako alijua tangu siku ile. Mfuko haukuwa na tundu."

Nikamtazama mama. Alikuwa akichambua mboga karibu na taa, wala hakuinua uso. Nikauliza, "Mama, kwa nini basi uliushona?"

Akasema, "Ulisema umetoboka. Ningefanyaje? Nikashona, nikangoja."

Wenzangu, fimbo nimewahi kuchapwa, lakini hakuna iliyoniuma kama neno hilo la kungoja. Alingoja miezi mitano. Mvua zilikuwa zimeanza, nikaenda kuomba kibarua cha palizi katika mashamba ya watu, siku kumi, nikanunua majogoo wawili. Mmoja alikuwa mdogo kuliko wale wa kwanza, na mama alisema hivyo waziwazi, lakini aliwapokea wote wawili.

Siandiki haya ili meza ile ivunjwe. Naamini kama tungekuwa na meza ya namna hiyo shuleni, bila kamari, wengi wetu tungejifunza pembe na hesabu kwa furaha, na pengine subira pia. Ila pesa za mchango si zetu kuziweka mezani. Wengi wetu tumekuja hapa kwa alizeti, kwa mtama, kwa kuku na kwa asali za watu ambao hawakupata kukaa katika madarasa haya.

Suruali ile ninayo hata sasa, ingawa imeanza kuwa fupi. Mfuko wa kushoto umechakaa na unavuja sarafu. Wa kulia, wenye mshono wa mara mbili, bado mzima.