Safari Yetu ya Iyula na Mtoto Asiyetulia

Ndugu wasomaji, mwezi huu tunakuleteeni habari za Iyula, kata moja ya wilaya ya Mbozi, ambako tulikaa siku 5 katika msimu wa kuchuma kahawa, kwa mwaliko wa mzee mmoja Mwislamu aliyetaka tuwasomeshe wajukuu zake na watoto wa jirani. Katika siku hizo tuliona jambo la malezi ambalo tumeona haifai kulinyamazia, kwani nyumba nyingi zina haja nalo.

Iyula imo katika mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa. Atokaye Tunduma, penye mpaka wetu na Zambia, huishika barabara kuu iendayo Mbeya, kisha huiacha lami na kuingia njia ya vumbi baina ya mashamba. Nchi hii ni ya juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mgeni kutoka pwani alitafute koti hata saa nne ya asubuhi. Wenyeji wake ni Wanyiha, wakulima hodari wa kahawa, mahindi na maharagwe. Waislamu si wengi huko, lakini wanaishi na jirani zao kwa wema, na mgeni hupokewa kwa maji ya moto na uji kabla hajaulizwa lililomleta.

Kahawa ni kazi inayotaka jicho na subira. Katika tawi moja la mbuni utakuta punje nyekundu, punje za manjano na punje mbichi, zote zimeshikana. Mchumaji huchuma nyekundu kwa mkono, moja moja, na zilizobaki huzirudia siku nyingine. Kahawa iliyochumwa humenywa ganda siku ile ile, hulowekwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja, ikageuzwa-geuzwa na kufunikwa jua likizidi na usiku ukiingia. Uzembe wa siku moja huweza kuharibu ladha ya msimu mzima.

Katika nyumba hiyo ya kazi ndipo alipokuwapo mjukuu wa mwenyeji wetu, mtoto wa kiume wa miaka 4. Alfajiri kabla hatujamaliza nyiradi alikwisha kuamka, amefungua banda la kuku na kuwatoa wote nje, eti wakasali. Saa mbili tulimkuta amemvika mbuzi kofia ya babu yake. Adhuhuri alikuwa juu ya kichanja, anakimbia juu ya kahawa iliyokwisha kuoshwa, na watu wazima watatu wanamzunguka huku yeye akicheka, kwa kuwa kufukuzwa alikufanya mchezo. Suratul Fatiha aliijua, lakini aliisoma akiizunguka nyumba mbio, na kila alipotupitia tulisikia aya moja.

Na maswali yake hayakuwa na mwisho. Wilaya ya Mbozi ndiyo yenye kile Kimondo mashuhuri kilichoko Ndolezi, donge la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, lililoanguka kutoka mbinguni. Mtoto huyu alikwisha kusikia habari zake, basi akatukalia magotini akatuuliza: Nani alikiangusha? Mbona hakurudi kukichukua? Je, kingine kitaanguka lini, na kitaangukia kuku? Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi, kisha tukamweleza habari za Muumba wa mbingu na nyota, naye akatulia kusikiliza kwa muda ambao mama yake alisema hajapata kuuona.

Mama huyo alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Baba wa watoto yuko Tunduma anafanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya malori. Mama alituambia, "Mwalimu, nampenda mwanangu. Lakini nikilala usiku, miguu yangu bado inamkimbilia." Wasomaji wetu kina mama watalifahamu neno hilo bila ya sherehe.

Usiku wa tatu, baada ya sala ya Isha, wazee wakakusanyika motoni na mazungumzo yakamwangukia mtoto. Mmoja akasema kuwa mtoto huyu ana shetani, asomewe. Wa pili akasema dawa yake ni fimbo, akatoa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Wa tatu akasema aachwe, utoto utamtoka wenyewe. Kisha wakatutazama sisi, ili tuwaambie chuoni tunafanyaje.

Tukawajibu kwamba Qur'ani husomwa kwa ajili ya baraka na kinga, na ni jambo jema, lakini wingi wa mbio na maswali kwa mtoto wa miaka 4 si dalili ya shetani. Mtoto huyu anakula vizuri, analala vizuri, anasikia aitwapo, anasema maneno yaliyonyooka na anamwonea huruma mdogo wake. Huyo ni mtoto mzima ambaye Mwenyezi Mungu amempa nguvu nyingi kuliko mwenziwe. Ama mtoto asiyegeuka aitwapo, au aliyechelewa sana kusema, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, huyo apelekwe kwa tabibu na asifichwe ndani. Ama fimbo, tukawaomba waahirishe maneno yake mpaka kesho, kwa kuwa usiku ulikuwa mwingi.

Kesho yake, baada ya Alasiri, Mwenyezi Mungu alileta jawabu lililokuwa bora kuliko letu. Tulikuwa tumekaa barazani. Mtoto akatokea nyuma ya ghala, mkononi ana chupa ya soda iliyojaa nusu, naye anahangaika na kizibo chake. Kumbe ilikuwa dawa ya kunyunyizia mibuni, mtu aliimimina humo iliyobaki akaisahau. Mzee alipoiona akainuka kwa kelele, na mtoto, kama desturi yake, akaanza kucheka na kurudi nyuma tayari kwa kukimbia. Kizibo kilikuwa kimekwisha kulegea.

Bibi yake alikuwa akichagua punje mbovu kichanjani. Akamwinulia mzee kiganja anyamaze, na yeye mwenyewe hakuinuka wala hakupaza sauti. Akasema tu, "Mume wangu, weka hiyo chini uje. Leo wewe ndiye utakayeshika kuku tuhesabu vifaranga." Mtoto akasimama. Akaitazama chupa, akamtazama bibi yake. Akaiweka chupa chini polepole, akaja mbio akamshika bibi mkono. Mzee akaichukua ile chupa, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Tulidhani sasa bibi atamchapa, au angalau atamkemea na habari ya kuku itasahauliwa. Hakufanya hivyo. Alimnawisha mikono kwa sabuni mara mbili, akampeleka bandani, akampa kuku amshike, na wakahesabu vifaranga, 9, kisha wakahesabu tena kwa kuwa mtoto alitaka. Ndipo akamkalisha akamwonyesha chupa kwa mbali akamwambia kwa maneno machache kwamba ile ni sumu, na chupa yoyote asiyopewa na mkono wa mtu mkubwa haifunguliwi.

Tulipomuuliza hekima ile ameipata wapi, alisema: "Mwalimu, mtoto huyu mbio zake zinatushinda sote. Sitaweza kumkamata, basi nimejitahidi awe anakuja mwenyewe. Nikimwambia njoo nikupe ndizi, nampa ndizi. Nikimwambia hapana, inabaki hapana hata akilia mpaka jioni. Sijapata kumdanganya hata siku moja. Ningalikuwa nimemdanganya mara mbili tatu, leo asingaliweka chupa."

Ndugu wasomaji, bibi huyu hakusoma vitabu, lakini aliyoyafanya yamo katika mafundisho ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Abu Daud amepokea habari ya Abdallah bin Amir, ambaye utotoni mwake mama yake alimwita ili ampe kitu, na Mtume yupo nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama alikuwa amekusudia kumpa nini, naye akasema tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingalimpa kitu, angaliandikiwa uwongo. Sisi aghalabu huisoma habari hii kama onyo la dhambi ya kusema uwongo, na ndivyo ilivyo. Pale Iyula tuliona pia kwamba ni kinga ya uhai wa mtoto. Mtoto mwenye nguvu nyingi hashikiki kwa mbio wala kwa kamba. Hushikika kwa neno la mtu anayemwamini.

Ama wale wanaoitetea fimbo kwa hadithi ya kuamrisha sala, na waitazame hadithi yenyewe. Amri ya sala huanza mtoto afikapo miaka 7, na habari ya kuadhibu ikaja katika miaka 10. Mtoto wa miaka 4 hajafikia hata lango la kwanza. Na tuikumbuke habari aliyoipokea An-Nasai, ya Mtume kurefusha sijida mpaka watu wakaingiwa na shaka, kumbe mjukuu wake, Hasan au Husein, alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Na wamepokea Bukhari na Muslim kwamba alisali huku amembeba Umama binti Zainab, akimweka chini asujudupo na kumbeba tena asimamapo. Mchumaji wa Iyula haichumi punje mbichi kwa kuwa ya pili yake imekwisha iva. Mbona sisi tunataka kuchuma kwa watoto kabla ya wakati?

Walakini, upole si kuacha. Bibi yule alikuwa na makatazo matatu tu: moto, kisima na chupa, wala hapakuwa na siku yaliyolegea. Na kwa kila katazo alimpa mtoto kazi ya mikono yake. Alimpa kibakuli chake cha punje achague mbovu, si kwa ajili ya mapato, kwani alizochagua zilirudiwa na mkubwa, bali kwa ajili ya kuzituliza zile nguvu. Na alipochoka baada ya dakika chache aliruhusiwa kukimbia. Hata sisi tulimsomesha kwa mwendo huo: aya moja, akazunguke mbuni ule, arudi na aya ya pili. Siku ya tano aliisoma Suratul Ikhlas yote ameketi.

Tulipokuwa tukiondoka, bibi alitupa salamu za kumpelekea mwanawe Tunduma. Baba huyo kila akipiga simu humwahidi mtoto kwamba kesho atakuja na baiskeli, na miezi imepita, na sasa mtoto hataki tena kuisogelea simu. Tulimkuta baba jirani na foleni ya malori yaingiayo na yatokayo Zambia, ana vumbi mpaka kwenye kope, kijana mwenye bidii na mapenzi kwa watoto wake. Tukamfikishia ujumbe: asiahidi asichonacho. Akasema, "Mwalimu, mtoto mdogo husahau." Tukamhadithia ya chupa mwanzo hadi mwisho. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza bei ya mpira mdogo, kwa kuwa mpira, alisema, huo angeweza kuununua leo.

Basi tunawausia wasomaji wetu, na khasa vijana wanaoanza kujenga nyumba. Sumu ya shamba na mafuta ya taa visitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji, na viwekwe juu na kufungiwa. Visima vifunikwe, na jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi, kwani hewa yake huua. Mtoto asimamishiwe makatazo machache yasiyobadilika, akapewa kazi ya mikono na nafasi ya kukimbia. Serikali ya Tanzania nayo, Desemba 2021, ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, ambayo inataja ulinzi na ulezi wenye kumwitikia mtoto pamoja na afya, lishe na elimu ya awali. Haya hayapingani na dini yetu. Sisi ndio tunaopaswa kuwa wa mbele kuyatenda. Na juu ya yote, mzazi asimwambie mtoto neno ambalo hakukusudia kulitimiza, hata likiwa la ndizi moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, aitumie mbio yao katika kheri, na atupe sisi ndimi ambazo wataziamini siku watakapokuwa wanakimbilia hatari. Amin.