Gemu ya Siku Saba

Mkisikia gemu wengi wenu mwawaza mpira na bunduki tu. Hebu sikieni. Mwaka wa 2005, wanafunzi 4 wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walijiwekea sheria: kila gemu itengenezwe na mtu mmoja, kwa siku zisizozidi 7, juu ya wazo moja kwa wote, mathalani mimea. Muhula mmoja, gemu zaidi ya 50! Mnara wa ute wa Kyle Gabler ndio uliozaa World of Goo, mwaka wa 2008. Mwaka wa 2009 mradi huo ukarudi na wazo jipya kila mwezi.

Mimi na jirani yangu wa dawati tumeiga, saa ya chamcha, katika chumba cha kompyuta. Mwezi wa tatu wazo lilikuwa "foleni". Yangu ni mitungi 6 kwenye mfereji. Maji yaweza kukatika wakati wowote, nawe ndiwe unayeamua. Utampisha mama mwenye mtoto mgongoni, ama aliyeamka saa kumi alfajiri?

Siku ya wazazi mamangu, ambaye husema gemu ni kuchezea karo, alicheza mara tano mfululizo. Bado haamini kazi hii yaweza kulisha mtu. Mwezi huu wazo letu ni "giza".